Kiberenge cha Marehemu Elieza

Watu wa mtaa huu wanaosema mume wangu Shaaban alikuwa na jini la chuma, nawaambia wafunge midomo yao. Mimi Mwantum ndiye niliyekaa naye nyumba moja, si wao. Shaaban hakuwa na jini wala uchawi. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mfupi, mbishi, mwenye masikio makubwa yaliyomchekesha mama yangu siku ya posa, na kazi yake ilikuwa kuendesha kiberenge cha reli. Kwa nyinyi msiokijua, kiberenge ni kigari kidogo cha injini kinachokwenda juu ya reli. Hakina paa wala milango, ubao wa kukalia tu, na kazi yake ni kupeleka wakaguzi wa njia. Hizo zilikuwa enzi za Mdachi, reli imefika Dodoma juzijuzi, na kipande cha Shaaban kilikuwa Dodoma kushuka Gulwe, Gulwe kupanda Dodoma.

Lakini nikisema hakuwa na jini, sisemi kwamba hakukuwa na kitu. Kitu kilikuwapo. Nilikaa juu ya ule ubao kwa makalio yangu haya, nikakisikia.

Kabla ya Shaaban, kiberenge kilikuwa mikononi mwa Elieza. Huyo alikuwa Mgogo wa Gulwe, mtu wa misheni, mrefu, mpole, akicheka anacheka polepole kama anayeogopa kuamsha mtoto. Ndiye aliyemfundisha Shaaban kazi. Walipendana wakawa ndugu, hata mkewe Elieza, Loisi, Shaaban akawa anamwita shemeji. Sasa ukitoka Gulwe kupanda huku, unafika mahali reli imepasua kilima, kuta za mawe huku na huku, halafu kona. Sisi pale tulipaita Mwanyani. Siku moja Elieza akiwa peke yake, injini ilimzimikia Mwanyani. Treni ya mizigo ilikuwa inashuka kutoka Dodoma, na treni ikishuka na mzigo haisimami kwa kuombwa. Elieza hakukimbia. Dereva wa treni alisema alimwona ameinama kwenye injini, mkono kwenye mpini wa kuwashia, hata kichwa hakuinua.

Walimzika palepale kando ya reli, maana hapakuwa na cha kubeba mbali.

Kiberenge chenyewe kikaungwa. Mdachi hatupi chuma, nyie! Magurudumu yakabadilishwa, fremu ikanyooshwa, injini ikabaki ile ile, na ubao ukabaki ule ule, una alama za kisu pembeni ambako Elieza alizoea kukatia tumbaku yake. Wakampa Shaaban. Ungefanyaje? Kukataa kazi ya Mdachi ilikuwa kuutafutia mgongo wako kiboko. Alipanda akaendesha.

Mwanzoni hakuna neno. Kisha jioni moja akarudi, akakaa barazani bila kuvua viatu.

"Mama Zaitun," akasema. Ndivyo alivyoniita, kwa jina la binti yetu. "Inakata."

"Inakata nini?"

"Injini. Inakwenda vizuri, mara pigo moja linapotea. Linarudi. Yanapotea mawili. Kama mtu anaweka kiganja juu yake, anakiondoa, anakiweka tena. Halafu inazima kabisa."

"Inazimia wapi?"

"Mwanyani." Loo, nilijuta kuuliza.

Akaniambia yote. Kushuka kwenda Gulwe haikati hata mara moja, inateleza kama inakwenda harusini. Kupanda kurudi, ikifika Mwanyani inaanza. Inagugumia, inakata, inazima kati ya zile kuta. Akishuka kuangalia, plagi nzima, cheche inaruka vizuri, mafuta yamo. Anazungusha mpini mara moja, inawaka kama haijawahi kuugua. Tena akasema jambo ambalo nilitamani asingelisema.

"Nikiinama pale kwenye injini nasikia harufu. Moshi wa kibuyu cha maziwa. Mawe matupu, hakuna nyumba wala ng'ombe, na mimi nasikia harufu ya nyumbani kwa mtu."

"Kwa nani?"

"Kwa Elieza. Tulikula kule ugali na mlenda, wewe mwenyewe ulikuwapo. Harufu ni ile ile."

Elewa hofu yangu ilikuwa nini. Sikuogopa mzimu kwa ajili ya mzimu. Kiberenge kikitoka Gulwe, karani wa simu ya waya anakwambia treni ya kushuka iko wapi, na unapewa nafasi ya kufika stesheni ya mbele kabla haijafika. Nafasi inatosha, lakini haina ziada ya mtu kukaa Mwanyani akizungusha mpini. Injini ile ilimuua Elieza kwa namna hiyo hiyo, mahali hapo hapo. Kila asubuhi Shaaban akitoka nilikuwa nawaza kama jioni nitaletewa mume au nitaletewa habari.

Hatukukaa bure. Bwana wa reli aliambiwa, akaifungua manyeto, ile inayotoa cheche, akaipima, akasema ni nzima. Na kweli ilikuwa nzima, yule Mdachi kazi yake aliijua. Akatia plagi mpya. Kiberenge kikakata vile vile. Mimi nikamtafutia Shaaban hirizi kwa shehe wetu, akaifunga mkononi. Kikakata. Mwalimu wa misheni akaenda akaomba juu ya kaburi. Kikakata. Wazee wa Gulwe wakasema Elieza yuko peke yake kwenye mawe na anatafuta mwenzake, wakamwagia pombe pale. Kikaacha!

Kikaacha kabisa, mwezi mzima na zaidi. Wazee wakavimba vichwa, shehe wangu naye akasema hirizi huchelewa, mwalimu wa misheni akasema yake. Kila mtu alitaka sifa. Mimi nilipika pilau. Ndipo kikaanza upya, vibaya kuliko kwanza, na safari hii wote walionijazia baraza wakishindana kwa sifa sikuwaona hata mmoja.

Siku iliyonikata maini ni ile Shaaban alipozimikiwa Mwanyani akasikia reli inalia. Reli hulia treni ikiwa mbali, inatoa mlio mwembamba ndani ya chuma. Injini haijawaka. Akaachia breki, akakiacha kiberenge kirudi kinyumenyume kwenye mteremko, treni ikatokeza kwenye kona mbele ya pua yake inapiga filimbi. Kilibiringika mpaka kwenye njia ya pembeni karibu na Gulwe, watu wa stesheni wakamfungulia njia akaingia, treni ikapita. Alirudi nyumbani siku ya pili yake. Nilimpa chai, akanisimulia.

"Kwa nini hukuruka ukakimbia?" nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea, nilikuwa nalia.

"Kwa sababu huwa inawaka," akasema. "Ndio ubaya wake, Mama Zaitun. Siku zote inawaka. Unasema ngoja, mara moja tu tena."

Nikamwambia safari inayofuata naenda naye.

"Una wazimu wewe?"

"Ninao. Kama Elieza anataka mwenzake, atuchukue wawili tumalize kelele."

Bwana wa reli alikuwa amekwenda Morogoro, na stesheni hakuna aliyejali mke wa fundi kupanda ubao. Zaitun nikamwacha kwa jirani yangu Kuluthumu, nikajifunga kanga mbili, tukashuka Gulwe. Mashallah, kiberenge kilikwenda! Upepo usoni, mbuga imekauka, mibuyu imekaa uchi. Tulipita Mwanyani mchana kweupe. Niliona rundo la mawe na msalaba wa mti. Injini haikukohoa. Nilishika ubao, vidole vyangu vikaingia kwenye zile alama za kisu, nikavitoa haraka.

Gulwe tulimkuta Loisi. Baada ya msiba reli ilimwacha akae kwenye kibanda chake kando ya njia, aendelee na kazi yake ya tangu mumewe akiwa hai: kutunza maji na petroli. Mwanamke msafi huyo, sijaona. Ua umefagiwa, hakuna hata jani. Tukamwamkia Kigogo, "Mbukwenyi," akaitikia kwa furaha, akanishika mikono yote miwili.

"Leo umeleta na dada yangu!" akamwambia Shaaban. "Subirini niwape mafuta. Leo nimefungua kibuyu kipya."

Petroli ilifika kwa madebe, lakini debe likishafunguliwa linavuja kwenye pembe, tena watu wanalimezea mate, maana debe tupu lilikuwa mali. Kwa hiyo Loisi alihamishia mafuta kwenye vibuyu vikubwa vyenye kizibo, akavitundika kwenye kijumba chake mbali na moto. Akamimina tangini kwa upole, tone halikuanguka. Akamwuliza Shaaban, kama ilivyo desturi yake, "Umempitia?" Maana yake kaburini. Shaaban akasema amempitia, hajambo. Tukaondoka.

Shaaban alikuwa amemwuliza karani: treni ya kushuka itatoka Dodoma alasiri. Tulikuwa na nafasi kubwa. Hata hivyo, kadiri tulivyopanda nilizidi kuyasikiliza mapigo ya injini. Injini ilikuwa inafanya kazi kwelikweli sasa, inavuta, inanguruma. Tukafika mahali reli zimeungana vibaya, tukatikiswa meno yakagongana. Kuta za mawe zikaanza kuinuka huku na huku. Kivuli kikatumeza, kukawa baridi ghafla.

Pigo moja likapotea.

Walahi nililisikia. Ni kama hatua ya mtu kwenye giza anayekosa ngazi. Likarudi. Yakapotea mawili, yakarudi. Nikamtazama Shaaban, jasho linamtiririka kwenye yale masikio yake. Likapotea tena, na injini ikakata, kiberenge kikajikokota kidogo, kikasimama. Akafunga breki. Kimya kikaingia, kimya cha mawe, na upepo unapita juu ya mwanya unafanya sauti ya mtu anayepuliza kwenye shingo ya chupa. Kaburi lilikuwa pale, mkono wangu ungelifikia. Na harufu ikaja. Sikuambiwa, niliisikia mwenyewe kwa pua yangu: moshi mtamu wa kibuyu, jikoni kwa mtu, asubuhi.

"Washa," nikasema. "Baba Zaitun, washa tuondoke!"

"Leo siwashi."

"Nini?"

"Siku zote nikifika hapa nagonga mlango, mwizi anakimbia. Nikizungusha mpini kila kitu kinakuwa kizima. Leo nafunga mlango kwanza."

Akafunga koki ya mafuta. Hakugusa mpini. Akachukua spana, akaifungua kabureta pale pale, jinsi injini ilivyokufa. Mimi nikalaza sikio kwenye reli kusikiliza kama inalia. Haikulia. Lakini moyo wangu ulikuwa unapiga kwa nguvu sikujua ni upi mlio wa chuma na upi wangu.

"Njoo," akasema.

Ndani ya kabureta kuna kijitundu chembamba kinachopitisha mafuta. Kijitundu kile kilikuwa kimezibwa na chembe nyeusi. Akaichokonoa kwa sindano, ikamwangukia kiganjani, nyingine mbili zikafuata. Akazinusa, akanipa. Nikasugua moja kwa kidole, ikaacha weusi. Mimi mwanamke wa Kondoa, nimelelewa kwenye maziwa, sikuhitaji kuambiwa.

"Hili ni kaa," nikasema. "Kaa la kibuyu."

Maana kibuyu kipya hakitiwi kitu hivihivi. Ni kichungu. Unatia makaa ya moto ya mti unaonukia, unakitikisa, unazungusha mpaka kikolee moshi, ndipo unamwaga na kupangusa. Mwanamke asiyefanya hivyo ni mchafu. Hata ukimwambia kibuyu ni cha kutilia mafuta ya gari, mkono utafanya tu, hata hajafikiri. Na vumbi la kaa hubaki ndani, halitoki lote.

Shaaban alinieleza huku ananionyesha. Vumbi linatulia chini ya tangi. Kupanda mlima injini inanyonya kwa nguvu, na ile reli mbaya inatikisa kila kitu, chembe inavutwa, inaziba. Injini ikifa, mvuto unakoma, chembe inaanguka, njia inafunguka, na ukizungusha mpini inawaka. Kushuka hainyonyi chochote, ndio maana haikati. Na kibuyu kikishatumika wiki kadhaa kinakuwa safi, ugonjwa unapona, mpaka Loisi afungue kingine kipya. Pombe ya wazee, hirizi yangu, vyote vilikuta kibuyu kimekwisha vumbi!

Nilicheka, jamani. Nilicheka peke yangu pale kwenye mawe kama kichaa. Mume wangu amepona! Hakuna anayemtaka, hakuna anayemvuta, ni masizi tu! Nikamgeukia tucheke wote.

Hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa kwenye ubao, kiganja wazi, anaziangalia zile chembe.

"Mama Zaitun," akasema polepole, "Elieza alikuwa anajaza mafuta wapi?"

Nikaacha kucheka. Kwa mkewe, ningejibu nini kingine. Kwa vibuyu vya mkewe, alivyovifukiza kwa mikono yake ili mumewe asibebe kitu kichafu.

Nimesema kitu kilikuwapo pale Mwanyani, na sitaki mtu anibishie. Sikuona mtu. Ila nilihisi kwa uhakika kabisa kwamba hatuko wawili, kwamba kuna wa tatu amesimama kati yetu na lile rundo la mawe, hana hasira, anasubiri kusikia tutasema nini. Harufu ilikuwa bado ipo. Nikajikuta nanong'ona.

"Hatumwambii."

"Hatumwambii," Shaaban akasema. "Nitachuja mafuta kwa kitambaa, basi. Hana haja ya kujua."

Sijui kama ni upepo ulioacha, lakini pale Mwanyani palitulia. Akarudishia kabureta, akawasha, tukaenda zetu.

Safari iliyofuata nilikwenda tena, kwa kazi maalumu. Mimi nimshughulishe Loisi, Shaaban achuje. Nikamwomba anionyeshe chumvi yake ya mbugani anavyoichuja, akanipeleka nyuma ya nyumba, nikamwuliza maswali ya kipumbavu mpaka nikaona haya. Huku nyuma Shaaban alikuwa ametandika kipande cha kitambaa cheupe cha marekani kwenye mdomo wa tangi, anamimina. Ningemweka muda zaidi. Lakini Loisi hakuwa mtu wa kuacha mgeni wake ajimiminie mafuta kwa mkono wake mwenyewe. Akanikatisha katikati ya neno, akatoka.

Shaaban alikuwa amekishika kitambaa. Kilikuwa na doa jeusi katikati, upana wa kiganja.

Loisi akasogea. Akachukua chembe moja kwa kidole, akaisugua, akainusa.

"Ni kaa langu," akasema.

"Ni uchafu wa njiani tu, shemeji," Shaaban akasema. Masikini mume wangu, kusema uongo hakujua, uso wote ulimshuka.

"Ndilo linalozima injini?"

"Kidogo tu. Ukichuja, basi."

Akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza bei ya kitu sokoni. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kumwuliza kama amempitia, "Na Elieza, alikuwa anachuja?"

"Alikuwa anachuja," Shaaban akasema upesi. "Kila siku. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Loisi akakikunja kile kitambaa, doa likawa ndani, akamrudishia.

"Nguo zake zote nilifua mimi," akasema. "Kitambaa cheusi sijawahi kukifua."

Akageuka akaenda ndani. Hakulia, hakupiga kelele. Tulisikia anavitungua vibuyu, kimoja kimoja, anavipasua. Nilitaka kumfuata, Shaaban akanishika mkono, kwa sababu karani alikuwa amekwisha kupiga kengele na treni ya Dodoma haingetungoja.

Tukapanda. Reli mbaya ikatutikisa, kuta zikainuka, kivuli kikatumeza. Nikafumba macho. Kata, nikakiambia kiberenge kimoyomoyo, mimi niliyelia usiku na mchana kisikate. Kata mara moja tu, nirudi Gulwe mbio kwa miguu nikamwambie si wewe, dada, ni Elieza mwenyewe, yupo, anashika injini kwa mkono wake. Nikasikiliza kila pigo. Hapakuwa na harufu, hapakuwa na mtu. Injini ikapita Mwanyani bila kukosa hata pigo moja, ikatoka juani.